Watumiaji Saba wa Kihyoma

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa mbili na nusu asubuhi, Gorret Ithungu alifungua daftari la wodi ya wazazi la Kituo cha Afya cha Kihyoma akakuta karatasi nne hazipo. Hazikuwa zimechanika kwa bahati mbaya. Zilikatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kwa mkono usio na haraka, na aliyezikata alikuwa mtu nadhifu, maana hakuacha hata unyuzi wa karatasi. Badala yake ilibandikwa karatasi moja mpya yenye majina manne ya wanawake. Mbele ya kila jina paliandikwa: "Alipelekwa hospitali kubwa."

Gorret alikuwa karani wa kumbukumbu pale Kihyoma kwa miaka kumi na mmoja. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililotazama chini, na kupitia dirisha hilo aliyaona mabati ya mji wa mpakani wa Bwera na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kongo. Majina yale manne aliyajua. Alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe kwa kalamu yake, na hakuna hata moja aliloliandika hivyo.

Alilibeba daftari mpaka ofisi ya mkuu wa kituo, Bwana Asanasio, aliyekuwa anakunywa chai ya maziwa na kuchagua rangi za ukuta katika kijitabu cha duka la rangi. Alikuwa anajenga nyumba mjini Kasese.

"Muzee, hawa wamama hawakupelekwa popote," alisema Gorret. "Walifia hapa. Mimi ndiye niliandika."

Asanasio aliweka kidole kwenye rangi ya krimu ili asiipoteze. "Gorret, kazi yako ni kuandika. Kukumbuka si kazi yako."

Gorret alirudi chumbani kwake na daftari. Jioni alishuka Bwera kwa bodaboda hadi kibanda cha Nobert, kati ya wabadilisha fedha wawili. Nobert alikuwa mwalimu wa fizikia kabla ya kuachana na chaki. Sasa alitengeneza simu na kompyuta, na upara wake uling'aa chini ya taa ya kazi.

"Nataka kitabu yenye haikatwi na wembe," Gorret alimwambia.

Nobert alifikiri kidogo. "Unataka shajara ya kwenye mtandao. Si kazi kubwa. Ukurasa wa kuingilia, ukurasa wa kuandika, ukurasa wa kusoma. Basi."

"Na isiwe na kitufe cha kufuta."

"Mtu akikosea?"

"Aandike tena chini yake kwamba alikosea."

Ilichukua Jumamosi tatu. Nobert alipanda Kihyoma na laptopu kuukuu iliyobaki kwenye kampeni fulani ya chanjo, yenye kibodi isiyo na herufi mbili, akaiunganisha na umeme wa jua wa friji ya chanjo. Juu ya kabati alitundika kisanduku cha kurusha mtandao, ambao ulifika mpaka kwenye mabenchi ya nje lakini haukufika chooni. Alimwonyesha Gorret mahali maandishi yanapolala: faili moja tu, ndogo, ambayo kila Ijumaa angetakiwa kuinakili kwenye kidude cha kuhifadhia na kwenda nayo nyumbani. Kila andiko lingechukua tarehe na saa lenyewe, bila kuuliza mtu. Kila mwenye simu angeweza kujiandikisha kwa jina lake na neno la siri, na wote wangeweza kusoma maandishi ya wote. Mwishowe aliandika amri ya kuiwasha. Kioo cheusi kikajibu kwa mstari mmoja kwamba programu inasikiliza kwenye mlango namba elfu nane.

"Inamsikiliza nani?" aliuliza Gorret.

"Yeyote atakayebisha," alisema Nobert, akakusanya nyaya zake.

Kwa wiki nane aliyebisha alikuwa Gorret peke yake. Aliandika watoto waliozaliwa, mvua iliyozuia kliniki, dawa zilizokwisha. Aliandika pia safari za ambulensi. Ambulensi ile ilitolewa na wafadhili, nyeupe, yenye picha ya mama na mtoto ubavuni, na kila aliponyanyua macho dirishani aliiona inateremka kwenda Kasese bila mgonjwa.

Jumanne moja ya mwezi wa tano akafika Tabisa Masika kutoka Karambi, ameshika kiuno, mume wake Kathembo akimfuata na beseni na nguo za mtoto. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne mtoto alitoka, msichana, analia vizuri. Saa nne na nusu mkunga alitoka nje mbio akiita gari, kwa sababu damu ya Tabisa ilikuwa haikatiki. Gari halikuwapo. Dereva alipigiwa simu mara sita. Mara ya sita alipokea akasema yuko njiani, na kweli alikuwa njiani, ila njia ya kwenda. Kathembo alitaka kumpakia mke wake kwenye bodaboda. Mkunga akamkatalia, kisha akamkubalia, na walipomwinua ikawa hakuna tena haja. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Saa kumi ambulensi ilirudi, sakafu yake imejaa vumbi jekundu la vigae.

Gorret aliandika yote hayo kwenye shajara. Kwenye daftari la wodi Asanasio aliandika kwamba mama alifika hali yake ikiwa mbaya.

Walimzika Tabisa Jumatano. Alhamisi asubuhi Gorret alifungua laptopu akakuta mtumiaji mpya amejiandikisha kwa jina la Tabisa Masika, kwa namba ya simu ya Tabisa, na ameandika. Kilikuwa Kiswahili cha soko la mpakani la Mpondwe, bila nukta:

"Mimi Tabisa nilingoja gari toka saa nne na nusu mpaka saa tisa nilisikia sista anaongea na dereva kwa simu na nyuma nilisikia vigae vinagongana dereva akasema iko njiani huku niliko iko baridi kama kule juu kwenye barafu lakini si mbaya Kathembo usiuze ile mbuzi ya kahawia mtoto atahitaji maziwa jina yake ni Kabugho kwa sababu ni msichana wa tatu na kwetu jina inafuata zamu ya kuzaliwa"

Gorret alilisoma andiko hilo mara mbili, akampigia Nobert. Nobert alipanda na bodaboda, akakagua faili, akakagua kisanduku cha mtandao, akavua miwani.

"Ni mtumiaji wa kawaida," alisema. "Namba ni yake. Neno la siri lina herufi za kutosha. Programu haina kosa."

"Yeye amekufa, Nobert."

"Ndiyo, pole sana. Lakini hatukuweka sharti hilo."

Alichohofia Nobert ni nafasi tu. Alisema wakizidi, diski itajaa, na akaahidi kuleta kubwa zaidi.

Hawakukawia kuzidi. Jumamosi walijiandikisha wale wanne wa karatasi zilizokatwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mfuatano wa siku walizofia. Wa tatu wao alikuwa Rachelle, mkimbizi kutoka upande wa Butembo, Kongo, aliyeacha dada yake Wivine akiuza vitenge Mpondwe. Mwezi wa sita akaongezeka mmoja, na mwezi wa nane mwingine, wote wawili wakiwa wamekufa kwa namna ile ile, ambulensi ikiwa imekwenda kule kule. Jumla wakawa saba. Hawakumlaani mtu. Waliandika saa. Rachelle aliandika: "Saa sita mutu alikuya kusema gari inabeba simenti. Saa saba banasema inarudi. Saa nane nilisikia baridi kwa miguu. Wivine, deni ya mama Furaha usilipe, nilishalipa."

Habari ilishuka mlimani. Jamaa zao walianza kuja kukaa kwenye mabenchi ya nje, pale mtandao ulipofika, simu mkononi. Kathembo alikuja kila siku ya soko, akitoka kuuza kahawa, mtoto Kabugho amefungwa mgongoni kwa kitenge kama anavyofungwa na mama. Alikuwa amejiandikisha naye, akawa anamwandikia mke wake, na mke wake akawa anamjibu kesho yake. Waligombana wiki mbili juu ya mbuzi wa kahawia, ambaye alikuwa ameuzwa. Baadaye walipatana. Kathembo alimsomea mtoto maneno ya mama yake kwa sauti, polepole, akimwelekezea kioo cha simu, na mtoto alikitazama kama watoto wanavyotazama taa.

Asanasio naye alisoma. Alitoka ofisini siku moja, akasimama nyuma ya Gorret, akasoma kurasa zote za Tabisa kwa utulivu.

"Huyu mama anatumia mtandao wa kituo," alisema, "na si mfanyakazi wa kituo." Akaenda zake.

Mwezi wa tisa Gorret alichapa maandishi yote ya wanawake saba. Zilikuwa karatasi sitini na tatu. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaeleza saa za ambulensi, akaeleza wembe, akapanda gari la asubuhi mpaka Kasese. Kutoka stendi alitembea kwa miguu ili apite mtaa mpya alikojenga Asanasio. Nyumba ya Asanasio ilikuwa imefika kwenye paa. Baraza yake ilikuwa imesakafiwa kwa vigae vyekundu, vizuri, vimepangwa kwa ustadi, na fundi alikuwa amechuchumaa anavipiga deki. Gorret alihesabu safu saba kisha akajizuia, akaenda ofisi ya afya ya wilaya akatoa bahasha yake, akapigiwa mhuri wa kupokelewa.

Ujumbe wa wilaya ulifika Kihyoma baada ya wiki tano: watu watatu wakiongozwa na Madamu Proscovia, mwanamke mpole mwenye miwani ya mnyororo. Asanasio aliwaandalia samaki wa ziwani na soda. Walikaa chumbani kwa Gorret tangu asubuhi mpaka alasiri, wakasoma kila neno. Hakuna mstari waliouruka. Gorret aliwaona wanavyosoma, akaanza kuwa na matumaini, na baadaye matumaini hayo ndiyo yaliyomkera kuliko yote.

Mkutano ulifanyika chini ya kibanda cha kusubiria. Jamaa za marehemu walikuwa wamejaa.

"Karani," alianza Madamu Proscovia, "hawa wanawake saba wanaandika wenyewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Kila mmoja ana neno lake la siri? Wewe hulijui?"

"Silijui. Halionekani hata kwangu."

"Na wa mwisho ameandika lini?"

Gorret alitazama simu. "Tabisa, leo saa nne. Ameuliza kama Kabugho ameota jino."

Madamu Proscovia alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Maiti haandiki, karani."

"Hawa wanaandika."

"Basi si maiti."

Mjumbe mmoja aligeuza ukurasa, akaendelea kuandika. Kathembo alisimama, mtoto mgongoni.

"Asante kwa hiyo maneno," alisema. "Kama bibi yangu iko muzima, mumurudishe. Nitamungoja hapa hapa. Leo siendi nyumbani bila yeye."

"Mzee, mambo ya mume na mke ofisi haiingilii," alisema Madamu Proscovia kwa upole.

Wivine alikuwa amesimama karibu na nguzo, furushi la vitenge kichwani bado. Alilishusha. "Dada yangu nilimuzika miye mwenyewe. Nilimufunga kitambaa kwa kidevu na hii mikono. Kama Rachelle anaishi, ule mwenye tulizika ni nani?"

"Hilo nalo lingefaa kuchunguzwa," alisema Madamu Proscovia, na mjumbe aliyekuwa anaandika akaliandika.

Gorret alisimama. Alisema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo: "Madamu, wamekwambia saa walizokufa! Wamekwambia gari lilikuwa wapi! Vigae viko Kasese, nimeviona kwa macho yangu, nendeni mkavione!"

"Tumesoma kuhusu vigae," alisema Madamu Proscovia. "Lakini vigae si jambo la afya."

Saa hiyo hiyo simu zote kwenye mabenchi zikatoa mlio. Wanawake saba walikuwa wameandika kwa pamoja. Tabisa: "nimekufa muandike hivyo." Rachelle: "Miye nilikufa, tarehe kumi na ine, mwezi ya pili." Na wale watano wengine, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba amekufa, na saa. Kathembo aliyasoma yote saba kwa sauti, hakukosea hata moja. Wajumbe walisikiliza mpaka mwisho. Madamu Proscovia alimshukuru, akasema maoni ya watumiaji yamepokelewa.

Ripoti ilikuja kabla ya Krismasi, imefungwa vizuri kwa plastiki. Ilisema Kituo cha Afya cha Kihyoma hakikuwa na kifo hata kimoja cha mzazi mwaka ule. Ilisema wanawake saba ni wagonjwa wa nje wanaofuatiliwa kwa njia ya mtandao. Ilieleza kwamba lugha ya baadhi yao inaonyesha huzuni ya baada ya kujifungua, ikashauri wapewe ushauri nasaha. Ilimsifu karani kwa ubunifu wake, na ikapendekeza vituo vingine viige. Asanasio alipewa cheti chenye fremu. Alikitundika ukutani nyuma ya kiti chake, na wafadhili, kwa furaha, wakaipa ambulensi seti mpya ya magurudumu.

Gorret aliisoma ripoti amesimama. Alipomaliza alikwenda kwenye laptopu akabonyeza kitufe mpaka kioo kikawa cheusi, akachomoa waya.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wakiacha kuandika, watakuwa wamekufa, na wakiwa wamekufa, mtu atalazimika kueleza wamekufaje. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku ya pili jamaa wawili walikuja wakakaa na simu zisizoonyesha kitu. Siku ya soko akaja Kathembo. Alikaa benchini muda mrefu, akiinua simu juu na kuishusha, kisha akaja dirishani.

"Mama Gorret, mutandao imeenda wapi?"

Gorret alimweleza kila kitu, hata mambo ya ripoti, hata hesabu yake. Kathembo alisikiliza akimtikisatikisa mtoto.

"Sasa ukizima, wao watasema amekufa?"

"Ndiyo. Watalazimika."

"Na huyu Asanasio atafungwa?"

Gorret alitaka kusema ndiyo. Alimtazama Kathembo, mtu aliyetembea kutoka Karambi na kilo nane za mtoto mgongoni, akaona hawezi kumpa uongo aubebe pia.

"Sijui," alisema. "Naona watapata neno lingine."

"Watapata," alikubali Kathembo. "Hao maneno haiwapungukii. Basi uwashe, mama. Wao walimuua mara moja. Sisi tusimunyamazishe."

Gorret aliketi akalia kwa hasira, si kwa huzuni, kilio kikavu cha kuuma meno, na Kathembo alisubiri nje ya dirisha kwa adabu, akitazama malori. Kisha Gorret alichomeka waya, akaandika amri. Tabisa alikuwa na maandiko matatu yaliyokuwa yanangoja. La kwanza liliuliza kuna nini. La pili na la tatu yalikuwa juu ya jino.

Ikawa hivyo. Shajara inaendelea kuwaka. Gorret anainakili faili kila Ijumaa, na Nobert ameleta diski kubwa. Karani anaandika safari za ambulensi kama zamani, tarehe na saa, na kila baada ya miezi mitatu anapeleka bahasha Kasese, na kila bahasha inapigwa mhuri wa kupokelewa. Nyumba ya Asanasio imekwisha. Sasa ambulensi inabeba miti ya uzio.

Mwezi uliopita, siku ya kliniki, msichana mmoja aitwaye Biira alitoka kwenye foleni ya wajawazito akaja dirishani. Alikuwa na miaka ishirini, mimba yake ya kwanza, miezi minane. Simu yake ilikuwa na ufa katikati ya kioo lakini ilifanya kazi.

"Mama, nataka kujiandikisha."

"Kliniki ni mlango wa pili."

"Si kliniki. Kile kitabu ya kina Tabisa."

Gorret aliweka kalamu chini. "Mwanangu, wewe uko mzima. Utajifungua salama, utaenda nyumbani kwako na mtoto."

"Eeh, Mungu akipenda," alisema Biira. "Lakini gari nimeona imeshuka asubuhi. Na wenzangu wanasema ile siku mtu hapati nafasi ya kuchagua neno la siri, akili inakuwa mbali. Nimeona nikuje mapema."

Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wanne, kadi za kliniki mkononi, simu mkononi.

Gorret angeweza kuwafukuza, na wangefukuzika, maana walikuwa watu wenye adabu. Hatimaye aliipokea ile simu yenye ufa, akamfungulia ukurasa, akamwonyesha pa kuandika jina na pa kuandika namba. Akamwambia neno la siri liwe na herufi nane au zaidi, na liwe kitu ambacho hatakisahau.

"Naweza kuweka jina ya mutoto? Sijui ni Masika wa kike ao ni Baluku wa kiume."

"Weka yote mawili. Usinitajie." Gorret akageuza uso ukutani.

Biira aliandika kwa kidole kimoja, akikagua kila herufi. Ukurasa ulifunguka mweupe, tarehe ya siku ile juu yake.

"Umeingia," alisema Gorret. "Hutaki kuandika kitu?"

Biira aliutazama ukurasa kidogo, akatikisa kichwa, akaitia simu kwenye kifuko cha kadi.

"Leo bado sina habari," alisema, akampisha aliyemfuata, akarudi kwenye foleni ya kupimwa uzito.